Alama Hazilipiwi

Miaka thelathini na moja nimekaa dawati la nyuma,
gazeti la Ijumaa, mjini Duluth,
ziwa limeganda nje hadi kwenye mnara wa taa,
na kazi yangu ni ndogo: kuangalia
maneno ya mtu yanaishia wapi
na ya gazeti yanaanzia wapi.

Nilizaliwa Grimsby, ng'ambo ya pili.
Kule ukidokoa neno moja kinywani mwa mtu
ukalifungia ndani ya alama zake,
mkato unauacha nje, kama viatu vya mgeni.
Hapa wanauingiza ndani, uwe wa mwenye neno au usiwe.
"Ni kwa ajili ya baridi," hunitania Clarice wa matangazo,
nami hucheka, kisha nauingiza. Mshahara ni mshahara.

Ila liko jambo ambalo pande zote mbili za bahari tumekubaliana:
mtu akimaliza kusema
na wewe hujamaliza kusema kwamba amesema,
nukta yake unamnyang'anya.
Unampa mkato.
Anayeuliza tunamwachia ulizo lake, anayefoka mshangao wake;
ni yule tu aliyetulia, aliyesema neno likaisha,
ndiye tunayemwambia: ngoja kidogo.

Jumanne aliingia Lempi Rautio, theluji kwenye kola,
nakala ya tanzia ya mumewe ameikunja ndani ya glavu.
Eino, mpakiaji wa madini gatini, miaka themanini na miwili.
Mstari wa mwisho aliuandika mtoto wao:

"Imetosha," alisema Eino.

"Hiki ni nini?" Ukucha wake chini ya alama.
"Mkato."
"Hakuusema. Nilikuwa namimina kahawa. Akasema imetosha,
akafunika kikombe kwa kiganja, na ikawa imetosha.
Hapa mmemwandika kama mtu anayetafuta neno jingine."

Nikamweleza kanuni. Nilijisikia nikiieleza.
Nikasema nukta haikai katikati, sentensi haifi mara mbili.
Akasema, "Wewe hukuwapo."

Basi nikaigeuza. Ni hila yetu ya zamani,
unamtanguliza msemaji, neno lake linafunga msafara:

Eino alisema, "Imetosha."

Nukta ndani, yake mwenyewe,
na alama zimejifunga nyuma yake
kama mlango uliorudishwa taratibu.
Akaisoma. Akaisoma tena.
Akaketi kwenye kiti cha Clarice bila kukaribishwa.
Bomba la joto likawa linagonga ukutani, tuk, tuk,
nami nilidhani nimemtendea wema.

Husemwa mtu aliye ukingoni amekata kauli.
Mimi nimekata kauli za watu kwa kalamu nyekundu
muda wote huu, na wengi wao walikuwa hai,
wako kazini, wanakula mkate wa mayai.
Sikuwahi kuona mtu akiitazama nukta namna ile.

"Rudisha," akasema.
"Nirudishe nini?"
"Kile kimkia. Na kama kimkia kinasema kuna kitu mbele,
basi kiandike hicho kitu."

Akanisomea polepole, kama mtu anayemwagiza fundi vipimo:

"Imetosha," alisema Eino, huku bado akimtazama Lempi.

Maneno manne yameongezeka. Senti arobaini kila neno.
Nikaandika stakabadhi, akahesabu sarafu mezani,
akauliza mkato ni bei gani,
maana sasa ipo miwili.
Nikamwambia alama hazilipiwi.

Akavaa glavu, moja, halafu nyingine.
Akaacha senti kumi juu ya dawati hata hivyo,
nami hadi leo sijajua
katika daftari niiandike wapi.